Mabua yamefukiwa, maharagi yamekuwa ya njano: jibu kwa mama wa Walungu

Swali: Mimi ni mama mkulima wa Walungu, Kivu ya Kusini. Nina shamba la are 12 kwenye mteremko. Sezoni A, ile inayoanza mwezi wa tisa, nilivuna mahindi, yakatoka magunia mawili. Nilisikia redioni kwamba kuchoma mabaki ya mimea ni kuua udongo, kwa hiyo safari hii sikuwasha moto. Nilikatakata mabua, mengi nikayafukia kwa jembe, yaliyobaki nikayatawanya juu ya shamba lote. Wiki moja baadaye nikapanda maharagi. Yaliota vizuri, kisha yakaanza kuwa ya njano, na majani mabaya yakaota kuliko miaka ile nilipokuwa nachoma. Majirani wananicheka. Je, nirudie kuchoma? Tena, mwezi wa tisa nataka kupanda mahindi, na kuna mzee mwenye ng'ombe ambaye ameshaniomba mabua nitakayovuna. Nimpe au nimnyime?

Jibu:

Jambo mama, na pole kwa kazi. Majirani waache wacheke kidogo. Ulichosikia redioni ni kweli, ila kilikufikia nusu. Mabaki ya mimea hayana tabia moja. Mengine yanafaa kufukiwa, mengine yanafaa kukaa juu ya udongo, na mengine hayatakiwi kuingia shambani kabla ya kupita kwenye tumbo la mnyama au kwenye lundo la mboji. Wewe ulichukua mabua makavu ukayatumia kwa njia mbili kwa pamoja. Yale uliyoyafukia ndiyo yaliyoleta njano. Yale uliyoyatawanya juu yalikuwa machache kwa shamba zima, na badala ya kuzuia majani mabaya yakayalea. Ni makosa mawili tofauti na kila moja lina dawa yake, kwa hiyo nitayajibu moja baada ya jingine.

Tuanze na njano. Bua kavu la mahindi limejaa kaboni, nitrojeni ndani yake ni haba: kwa kila sehemu moja ya nitrojeni kuna sehemu 60 hivi za kaboni. Vijidudu vya udongoni vinavyoozesha bua vinahitaji chakula chenye uwiano wa karibu 25 kwa moja. Ukivipa bua, umewapa wageni sinia kubwa la bugali bila sombe (majani ya muhogo). Wataitafuta sombe popote ilipo, na iliyopo karibu ni ile nitrojeni ndogo ya udongo ambayo maharagi yako yalikuwa yanaitegemea. Nitrojeni hiyo haijapotea. Imo ndani ya miili ya vijidudu, na itarudi vikifa. Shida ni muda. Inaweza kuchukua wiki kadhaa, hata miezi miwili, na maharagi yanakaa shambani miezi mitatu tu. Deni linalipwa wakati mkopeshaji ameshavunwa.

Jembe ndilo lililozidisha jambo. Bua likifukiwa limezungukwa na udongo wenye unyevu pande zote, vijidudu vinalivamia kwa pamoja, na njaa ya nitrojeni inapiga mizizi pale pale. Bua hilo hilo likilala juu ya udongo linaguswa kwa chini tu, linaoza polepole, na maharagi hayahisi kitu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza, mama: vikavu na vigumu vikae juu, vibichi na laini ndivyo vya kufukia.

Najua utauliza: maharagi si yanajitafutia nitrojeni hewani? Yanajitafutia, lakini si siku ya kwanza, tena si katika kila udongo. Kazi hiyo inafanywa na bakteria wanaoishi ndani ya vinundu kwenye mizizi. Vinundu vinachukua kama wiki tatu kabla ya kuanza kazi sawasawa, na vinahitaji fosforasi. Udongo mwingi wa milima ya Walungu ni wa zamani sana, mwekundu, umeoshwa na mvua kwa karne nyingi, una asidi, na fosforasi yake imeshikwa na chuma na alumini kiasi kwamba mmea hauipati. Ndugu zako wa Kabare wenye udongo mweusi wa volkano wanaweza kufukia mabua wakapata hasara ndogo tu. Kwako hakuna akiba ya kubeba kosa hilo.

Usiamini maneno yangu matupu. Nenda shambani, chagua shina moja la maharagi lililokaribia kutoa maua, lichimbe taratibu kwa kijiti badala ya kulivuta, maana ukivuta vinundu vinabaki udongoni. Lioshe. Utaona vipunje vidogo kwenye mizizi. Kata kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha rangi ya waridi ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe, cha kijani au cha kijivu, kimelala au kimekufa. Na kama hakuna vinundu kabisa, umepata jibu la kwa nini maharagi yako yalitegemea udongo peke yake.

Wakati uko hapo, angalia jambo jingine, maana si kila njano ni njaa ya nitrojeni. Njaa ya nitrojeni huanza na majani ya chini, ya zamani. Yanakuwa ya njano jani zima huku ya juu yakibaki na ukijani. Kama mmea wote umedumaa na kulegea, na ukikwaruza shina karibu na ardhi unakuta rangi ya kahawia na mizizi iliyooza, huo ni ugonjwa wa kuoza mizizi, ambao unatusumbua sana huku Kivu ya Kusini, hasa kwenye udongo uliochoka. Hapo mabua hayana hatia, na dawa yake ni nyingine: mbegu zinazostahimili, kubadilisha mazao, kupanda juu ya matuta ili maji yasisimame. Kwa jinsi ulivyoeleza, kwamba yaliota vizuri kisha yakabadilika, mimi naelekea kwenye mabua.

Sasa majani mabaya. Mbegu nyingi za majani ya shambani ni ndogo mno, na nyingi zinasubiri mwanga ndipo ziote. Mbegu iliyolala udongoni inaweza kukaa miaka bila kufanya lolote, kisha jembe likaigeuza, ikaonja mwanga, ikaamka. Ndiyo maana unalima leo, mvua inanyesha, na wiki inayofuata shamba limekuwa zulia la kijani. Matandazo yanafanya kazi kwa kuziba mwanga huo, pia kwa kuuzuia udongo usipate joto kali mchana na baridi usiku, maana badiliko hilo nalo linaamsha mbegu. Lakini ili mwanga uzibwe lazima udongo usionekane. Matandazo membamba yanaacha mwanga upite na wakati huo huo yanatunza unyevu. Umeiwekea mbegu ya gugu kitanda na maji, ukaiachia na taa.

Tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na hata sisi maagronomu tunapenda kusema «tandaza» bila kusema kiasi gani. Magunia mawili ya mahindi ni karibu kilo 200 za punje. Mahindi yaliyotoa punje hizo yanaacha mabua na majani makavu ya uzito unaolingana au kuzidi kidogo, tuseme kilo 250. Kwa kuzuia majani mabaya unahitaji angalau nusu kilo ya mabaki makavu kwa kila mita moja ya mraba, na mimi ningependa ikaribie kilo nzima. Shamba lako lina mita za mraba 1,200. Kwa kipimo cha chini kabisa ungehitaji kilo 600. Wewe ulikuwa na 250, na nyingi ukazifukia. Zile zilizobaki juu zilikuwa mapambo.

Ukitaka kuona kwa macho, pima nusu kilo ya mabua yaliyokatwa urefu wa mkono, yatandaze ndani ya mraba wa hatua moja kwa moja, kisha simama ukiangalia chini. Utaona bado vipande vya udongo hapa na pale. Ongeza mpaka udongo upotee. Huo ndio unene. Mkono wako ukizoea, hutahitaji mizani tena.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa kwako ni huu: usifunike shamba zima. Funika kipande, ukifunike kweli. Kwa kilo 250 unaweza kufunika kati ya are 2 na nusu na are 5. Zile are nyingine palilia kwa jembe kama kawaida. Sezoni inayofuata hamisha matandazo kwenye kipande kingine. Wengi hawapendi ushauri huu, kwa sababu kila mtu anataka shamba lote lipone kwa pamoja, lakini mabaki machache yaliyosambazwa kila mahali hayafanyi kazi popote.

Kipande gani kianze? Kwenye mteremko ningeanza pale maji yanapoanza kushika kasi, yaani kuanzia katikati kwenda chini kidogo, ambako mvua ya kwanza inachubua udongo na mbegu pamoja. Mabua yalale kwa kukingama na mteremko, yasifuate maji yanakoteremka, la sivyo yatageuka mifereji. Pale ulipo na magugu ya mizizi mirefu usianze, na nitaeleza kwa nini.

Wakati nao una maana. Kwa maharagi, panda kwa mistari, subiri yaote na kutoa majani yake ya kwanza ya kweli, palilia mara moja kwa wepesi, kisha ndipo uweke matandazo katikati ya mistari. Acha nafasi ya upana wa kiganja kutoka kwenye shina. Matandazo yakigusa shina wakati wa mvua nyingi yanaleta uozo, na konokono wasio na nyumba wanajificha humo mchana na kula majani machanga usiku. Ukiona majani yametobolewa na kuna utelezi unaong'aa asubuhi, sogeza matandazo nyuma kwa wiki moja, jua lipite. Maharagi hayatakiwi kushindana na magugu katika wiki nne au tano za kwanza. Yakishafunga mistari, yanajitandazia yenyewe kwa kivuli chake. Mahindi yanahitaji ulinzi mrefu zaidi, karibu miezi miwili.

Tuje kwenye vya kufukia, kwa sababu huko ndiko kwenye rutuba ya haraka. Unaijua tithonia, ile yenye maua ya njano makubwa inayosimama kando ya barabara na kwenye mipaka ya mashamba? Watu wanaifanya uzio, wengine wanaifyeka na kuitupa. Majani yake yakikauka yana nitrojeni asilimia 3.5 hivi na potasiamu asilimia 4, kiasi ambacho mimea michache ya porini inakifikia. Haitengenezi nitrojeni kutoka hewani kama jamii ya maharagi, inaikusanya kutoka pale ilipoota. Ukiileta shambani unahamisha rutuba ya kando ya njia kuja kwako, nami sioni ubaya, maana njia haili.

Chukua kapu la kilo 30 za tithonia mbichi, majani na vijitawi laini tu. Maji yakitoka, hubaki kama kilo 5. Ndani ya kilo hizo 5 kuna nitrojeni gramu 170 hivi, ambayo ni sawa na mbolea ya urea chini kidogo ya nusu kilo. Potasiamu ni gramu 200. Fosforasi, gramu 18 tu. Hapo utaona nguvu yake na pengo lake. Kwa udongo wako wa Walungu tithonia peke yake itakupa mahindi ya kijani yasiyo na magunzi mazuri, kwa sababu fosforasi haitoshi. Ukiweza kununua DAP kidogo (mbolea ya dukani yenye fosforasi), weka kifuniko kimoja cha chupa ya soda kwa kila shimo, funika kwa udongo kidogo ili mbegu isiiguse, na tithonia ifanye kazi iliyobaki. Hivyo viwili pamoja vinapatana kuliko kila kimoja peke yake, na tithonia inayooza ina faida nyingine kwenye udongo wa asidi: inafunga kwa muda sehemu ya alumini inayochoma mizizi.

Kwa mahindi ya mwezi wa tisa, ukipanda kwa sentimita 75 kwa 50, are 12 zina mashimo 3,200. Robo kilo ya tithonia mbichi kwa kila shimo, yaani mafumba mawili makubwa, ni kilo 800. Ni makapu 27 ya kubeba kupanda mlima. Sikuambii ufanye hivyo. Fanya are 4, makapu 9, na mwite shangazi na watoto kwa salongo (kazi ya pamoja) ya nusu siku. Kata tithonia kabla haijatoa maua, ikatekate, weka shimoni, funika kwa udongo wa vidole vinne, kaa wiki moja, kisha panda. Ikishatoa maua shina linakuwa gumu kama kuni na majani yanapungukiwa. Na shina gumu usilifukie: kipande cha tithonia kikizikwa kibichi kinaota, na utakuwa umejipandia gugu jipya.

Vipi kwa majani mengine ambayo sikuyataja? Kuna kipimo ambacho hakihitaji maabara. Chukua jani, liangalie, lichane, kisha kama unajua si la sumu, litafune kidogo na uliteme. Likiwa kijani kibichi, likachanika kwa urahisi, na halina ukakasi mdomoni, litaoza haraka na kulisha mmea: lifukie. Likichanika kwa urahisi lakini lina ukakasi, au likiwa gumu, changanya na samadi au liweke kwenye lundo la mboji. Likiwa kavu, la njano, lenye nyuzi, kazi yake ni kutandazwa. Ukakasi ule unatokana na vitu vinavyofunga protini ya jani, na bakteria wanashindwa nalo kama ulimi wako unavyoshindwa. Majani ya mti wa grevilea ni ya kutandaza, yanakaa muda mrefu bila kuoza. Majani ya mikaratusi yaache msituni. Yana mafuta na asidi zinazozuia mimea mingine kuota, na ingawa kwa hoja hiyo yangezuia na magugu, hayachagui: maharagi nayo yatapigwa.

Kuhusu kuchoma. Sitaki kuwadharau majirani zako, kwa sababu wanachokiona ni kweli. Moto unaua mbegu zilizo juu ya udongo, unafukuza panya, na majivu yana potasiamu, kalsiamu na fosforasi ambazo mmea unazipata siku ile ile, tena yanapunguza asidi kidogo. Mahindi ya mwaka wa moto yanapendeza. Lakini karibu nitrojeni yote iliyokuwa kwenye mabaki imepaa na moshi, pamoja na salfa nyingi, na kile ambacho kingekuwa weusi wa udongo hakipo tena. Majivu yenyewe yako juu ya mteremko mtupu mwanzoni mwa mvua. Mvua moja ya nguvu, nayo inajulikana huku kwetu, inayapeleka mtoni. Choma yaliyougua tu: maharagi yenye uozo, mashina ya viazi na nyanya yaliyopigwa na mnyauko au ukungu. Hayo usiyatandaze wala kuyatia kwenye mboji.

Na kuna magugu ambayo moto unayanenepesha. Nyasi ile ndefu ya motomoto yenye manyoya meupe ina vikonyo vyeupe chini ya ardhi, na ncha zake ni kali kama sindano. Moto unaondoa washindani wake juu, yeye anachipua wa kwanza. Matandazo pia hayamzuii, anayatoboa. Ndago ni hivyo hivyo, ana vinundu vyake chini, kila ukimkata kwa jembe unamgawa. Ndiyo maana nilikwambia usipeleke mabua yako machache kwenye kipande chenye wageni hao. Huko chimba kiangazi, mwezi wa saba, toa vikonyo uvianike juani vikauke kabisa, kisha panda viazi vitamu kwa karibu karibu. Kivuli chao kizito kinawachosha kuliko jembe. Huko chini tambarare ya Ruzizi watu wanaweza kutumia mukuna, mmea unaotambaa wa jamii ya maharagi, kwa kazi hiyo, na inafunika vizuri sana kwenye joto. Kwenye baridi ya Walungu inakua kwa uvivu.

Magugu yenyewe pia ni mabaki ya mimea, na hapa kuna kosa linalofanywa karibu na kila mlima. Baada ya kupalilia mara ya pili watu wanaacha shamba la mahindi, wanasema mahindi yameshashinda. Chini yake gugu lile lenye mbegu nyeusi zinazonasa nguo linatoa maua na kukomaa. Shina moja linaweza kuacha mbegu 3,000 mpaka 6,000. Kisha unavuna, unafukia kila kitu pamoja, na umepanda magugu kwa mikono yako. Pita mara moja mnamo mwezi wa kumi na mbili, ng'oa yanayotaka kutoa maua, kabla mbegu hazijakauka. Yakiwa machanga ni chakula kizuri cha udongo, lakini mimi ningewapa dende (simbilisi wa kufugwa) kwanza. Kama una dende kumi kwenye kona ya jiko, una kiwanda cha kuoza mabaki ambacho hakihitaji shamba: majani yanaingia asubuhi, kinyesi kinakusanywa kwa ufagio, na watoto wanapata nyama. Kinyesi cha dende kiweke pamoja na matandiko yao kwenye shimo lenye kivuli.

Yaliyokwisha kutoa mbegu yapeleke kwenye lundo la mboji lenye ukubwa wa kutosha, angalau mita moja kila upande, vibichi na vikavu kwa tabaka, samadi kidogo, maji. Ndani lipate joto kiasi kwamba ukichomeka kijiti na kukitoa baada ya dakika chache huwezi kukishika kwa muda. Joto hilo ndilo linaloua mbegu. Ligeuze ili za pembeni ziingie ndani. Lundo dogo halipati joto, linahifadhi mbegu tu.

Jambo moja ambalo hukuuliza: maharagi unayavunia shambani lakini unayapigia wapi? Kwenye uwanja wa nyumba, bila shaka. Maganda na mashina yanabaki pale, yanaishia kwenye migomba nyuma ya jiko. Ndiyo maana migomba ile ni mizito na udongo wake mweusi, wakati shamba la mlimani linazidi kuwa jekundu. Kila sezoni unabeba rutuba kutoka juu kuileta nyumbani. Migomba inaipenda, sikukatazi, na ina majani yake yenyewe ya kujitandazia. Acha tu nafasi ya hatua moja kuzunguka kitako ili fukusi wa mgomba asipate kivuli cha kutagia. Lakini nusu ya mashina ya maharagi irudi mlimani. Yanaoza vizuri kuliko mabua na hayaleti njaa kali ya nitrojeni.

Sasa mzee na ng'ombe wake. Mpe, lakini kwa masharti. Bua la mahindi ni chakula duni. Ng'ombe anatafuta majani na ncha, shina la chini analikanyaga. Basi kata kutoka kwenye gunzi kwenda juu, hiyo ndiyo sehemu ya mzee. Shina la chini ni lako, nalo ndilo linalodumu kama matandazo. Ng'ombe wenyewe wasiingie shambani: watakanyaga udongo uliolowa, na usiku watarudi kwenye zizi lake na samadi yote.

Malipo yako yawe samadi, na yatangulie. Sehemu kubwa ya potasiamu ya mhindi imo kwenye bua na majani, haimo kwenye punje, kwa hiyo ukitoa mabua bila kitu umeuza shamba kidogo kidogo. Mwambie akuletee samadi mwezi wa nane kabla ya mvua, wewe utampa mabua mwezi wa pili. Hesabuni kwa magunia mkiwa na shahidi, maana neno «nitakuletea» halina kilo. Omba ile iliyochanganyika na matandiko yaliyolowa mkojo, kwa sababu karibu nusu ya nitrojeni anayotoa ng'ombe imo kwenye mkojo, na samadi kavu iliyoanikwa juani miezi mitatu imebaki nyuzi. Ikifika, iweke chini ya mgomba, ifunike kwa majani ya ndizi mvua isiioshe, na siku ya kupanda weka fumba moja kwa kila shimo kwenye zile are 8 ambazo tithonia haikufika.

Akikataa kutanguliza samadi, mabua yako yana kazi nyingine.